Mark off: kitenzi kimoja cha Kiingereza, mipaka ya aina tatu

Mwaka wangu wa kwanza Kampala nilifanya kazi ya stoo pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla. Asubuhi moja lori lilishusha sukari, tukayapanga magunia ukutani, kisha bosi akanikabidhi karatasi na kipande cha chaki. "Mark off those bags," akasema, akaingia ndani kupokea simu. Mimi mtoto wa Bombo, Kiswahili na Kinubi (lugha ya Wanubi, iliyotokana na Kiarabu) vya mtaani, Kiingereza cha darasani. Neno "mark" nalijua, ni alama. Chaki ninayo. Magunia haya hapa. Nikainama, nikayazungushia mstari mweupe sakafuni kona kwa kona, tena nikaunyoosha kwa ubao ili upendeze. Bosi aliporudi aliutazama mstari, akanitazama mimi, akaitazama karatasi. Karatasi ilikuwa nyeupe vilevile alivyoniachia. Alichotaka ni kila gunia litiwe tiki kwenye orodha kabla lori halijaondoka. Lori lilikuwa limeshaondoka, magunia mawili yalipungua, na mwisho wa mwezi mshahara wangu nao ulipungua.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba Kiingereza changu hakikuwa na kosa. Kuzungushia magunia mstari nako ni "mark off". Kamusi ingenipa haki, bosi hakunipa.

Siku hizi natafsiri hati na kufundisha, na swali la kitenzi hiki naliulizwa na watu wa kila aina: walimu waliotakiwa kufundisha Kiswahili baada ya baraza la mawaziri kuamua Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na somo la lazima, wafanyabiashara kutoka Kongo na Tanzania wanaonunua viwanja, vijana wanaotafuta kazi za ulinzi. Basi nimeona nikiandike chote, kuanzia maana hadi matamshi.

Hatua ya kwanza: jua ni "mark off" ipi

Maana ni tatu.

Ya kwanza ni kutenga sehemu kwa kitu kinachoonekana: kamba, utepe, chokaa, mawe, hata viti. "The police marked off the spot with tape." Kwa Kiswahili: polisi walipazungushia utepe mahali pale.

Ya pili ni kutia alama kwenye orodha au kalenda kuonyesha kwamba jambo limekwisha, limefika au limehesabiwa. "She marked off the names as the pupils got on the bus." Alitia tiki kila jina mwanafunzi alipopanda basi. Anayehesabu siku zilizobaki kabla ya mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, akipiga mkasi kila tarehe inayopita kwenye kalenda ya ukutani, naye "is marking off the days".

Ya tatu haina kamba wala kalamu. Ni kutofautisha. "Her accent marks her off from her sisters." Lafudhi yake inamtofautisha na dada zake. Hapa mpaka umo kichwani mwa msikilizaji tu.

Utazipambanuaje? Angalia kinachotendewa. Kikiwa eneo, yaani shamba, kona, barabara au sehemu ya sakafu, ni mpaka. Kikiwa kitu cha kuhesabika ambacho jina lake limo kwenye orodha, ni tiki. Na mtenda asipokuwa mtu bali sifa, kama lafudhi, urefu, mavazi au tabia, na mbele yake kuna "from", ni tofauti. Magunia yangu yalikuwa na utata kwa sababu yanaweza kutengwa na yanaweza kuhesabiwa. Lakini dalili ilikuwa mkononi mwangu. Mtu aliyekupa karatasi hakutumi kuchora sakafu.

Hatua ya pili: acha "mark", shika "off"

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndipo nitakapokaa zaidi. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "weka alama mbali" au "weka alama toka", maneno ambayo hakuna Mswahili atakayeyaelewa. Kiingereza kinapenda kubeba mzigo kwenye kijineno cha nyuma. "Off" ni kuachana na kitu, kubanduka: unashuka kwenye boda boda, ni "get off", unavua viatu, ni "take off", unakata kipande, ni "cut off". Katika "mark off" kijineno hicho kinasema kwamba baada ya alama kuwekwa, sehemu hii si mali ya sehemu ile tena. Alama ni njia tu, kuachana ndiko kusudi.

Kiswahili nacho kina mahali pake pa kubebea mzigo: mkia wa kitenzi. Funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Silabi moja inageuza jambo zima. Kwa hiyo unapokutana na kijineno cha Kiingereza usikitafutie neno la Kiswahili la kukaa peke yake. Kitafutie mkia.

Mkia unaofaa hapa ni wa "zungushia". Zunguka, zungusha, zungushia: unakifanya kitu kizunguke kwa ajili ya kitu kingine. Na uzuri wake ni kwamba hauhitaji neno la kati. Kiingereza kinasema "They marked off the plot with barbed wire", nawe unasema walikizungushia kiwanja seng'enge. Hakuna "kwa", hakuna "na". Wanafunzi wangu wakishaambiwa kwamba "with" ni "kwa" wanaichomeka kila mahali, na sentensi inachechemea.

Lakini zungushia inataka mzunguko. Mpaka ukiwa mstari mmoja tu, mathalani kitambaa kilichokata chumba katikati, sema tenga: kona ile imetengwa kwa ajili ya watoto wadogo. Mstari wa chaki peke yake, pigia mstari. Sehemu iliyomegwa kutoka kwenye ardhi kubwa, kata au mega. Kiingereza kinaridhika na kitenzi kimoja kwa hayo yote; sisi tunataka kujua mpaka una umbo gani kabla hatujafungua mdomo.

Nikiwa nimegusa neno mpaka: kwetu ni jina la mahali na pia ni kipimo cha wakati, mpaka kesho, mpaka mwisho. Usilitumie mara mbili kwa maana mbili ndani ya sentensi moja ya mkataba. Nimeona "mpaka mpaka wa mto" kwenye hati, na mwanasheria akaisoma mara nne.

Hatua ya tatu: mahali pa kuweka kinachotendewa

Kinachotendewa kikiwa jina kamili, una uhuru. "Mark off the area" na "mark the area off" zote sahihi, ingawa jina likiwa refu ni heri likae mwisho. Kikiwa kiwakilishi kama "it" au "them", uhuru umekwisha: lazima kiingie katikati. "Mark it off." Ukisema "mark off it" kila mtu atajua umejifunza jana.

Na usikiache kitenzi bila kinachotendewa. "We are marking off" inamfanya msikilizaji angoje.

Kauli ya kutendwa ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye maandishi. "The area was marked off by the guards with a rope." Kinachofuata "by" ni aliyetenda, kinachofuata "with" ni kifaa. Kiswahili kinatumia "na" kwa mtu na "kwa" kwa kifaa: eneo lilitengwa na walinzi kwa kamba.

Matamshi hayana mengi. Herufi "r" ya "mark" haisikiki katika Kiingereza kinachosemwa Uganda, na "k" inarukia neno la pili, kiasi kwamba unasikia kitu kama "maa-kof". Ulimi wetu unapenda kufunga kila neno kwa irabu, tukasema "maki ofu". Unganisha maneno mawili yawe moja na tatizo linaondoka lenyewe. Kikiingia "it" katikati, nguvu ya sauti inaangukia "off".

Hatua ya nne: tofautisha "off" na "out" uwanjani

Kuna ndugu wa karibu sana, "mark out", na kamusi nyingi zinaruhusu wakutane kwenye suala la ardhi. Masikioni mwa anayekitumia Kiingereza kila siku hawafanani. Nilielewa tofauti yao siku ya michezo ya shule moja, mwalimu alipotuambia: "First mark out the pitch, then mark off a place for the parents." Kazi mbili, asubuhi moja.

Ya kwanza ilikuwa hivi. Tulichukua vigingi, kamba, futi ya utepe na ndoo ya chokaa. Uwanja unaopendekezwa na FIFA ni mita 105 kwa 68. Wetu ulikuwa mfupi, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na mwembe ambao mwalimu mkuu hakutaka kuusikia ukitajwa. Ili kona iwe kona kweli, tulipima mita 3 kwenye mstari wa goli na mita 4 kwenye mstari wa pembeni, kisha tukavuta kamba kati ya alama hizo mbili. Ikiwa mita 5 kamili, kona imenyooka. Ikizidi au ikipungua, sogeza kigingi. Kutoka kila nguzo ya goli tulipima mita 16.5 kwenda pembeni na mita 16.5 kuingia uwanjani, tukapata eneo la penalti, na nukta ya penalti tukaiweka mita 11 kutoka golini. Duara la kati ni rahisi kuliko linavyoonekana: kigingi katikati, kamba ya mita 9.15, mmoja anashika, mwingine anazunguka akimwaga chokaa kwa kopo lililotobolewa. Kazi hiyo yote ni "mark out". Tulichora umbo ardhini ili watu wajue nini kiko wapi, na hakuna aliyezuiwa kuukanyaga mstari. Kwa Kiswahili tulichora uwanja, au tulipiga chokaa.

Baadaye tulichomeka vigingi nje ya mstari wa pembeni, tukavuta kamba, wazazi wakakaa nyuma yake. Hiyo ni "mark off". Kamba ile haikuchora umbo la mchezo. Ilitenganisha watu na watu.

Kipimo changu, kisicho rasmi: chokaa inayochora umbo ni "out", kamba inayozuia miguu ni "off".

Tofauti hiyo inafuata hadi kwenye maana za mafumbo. "Her speed marks her out as a winger": kasi yake inaonyesha kwamba ni winga wa kweli. "He was marked out for promotion": alishatazamiwa kupandishwa cheo. "Out" inamtoa mtu kundini na kumwinua. "Off" inasema tu kwamba hafanani na wengine, bila sifa wala lawama.

Hatua ya tano: ukikutana nayo kwenye hati ya ardhi, soma mara mbili

Huku ndiko kitenzi hiki kinakogharimu pesa. Tuseme sentensi ni hii: "The seller has marked off a 50 by 100 from his kibanja." Kinachotendewa ni kiwanja cha futi 50 kwa 100. Hizo ni futi za mraba 5,000, karibu desimali 11 na nusu, kwa kuwa ekari moja ni desimali 100. "From" inaonyesha kiwanja kimemegwa kutoka wapi. Muuzaji amemega kiwanja cha futi 50 kwa 100 kutoka kwenye kibanja chake na kukiwekea mipaka. Kibanja usikitafsiri; kisheria ni ardhi anayoikalia mtu ndani ya ardhi ya mailo, ambayo hati yake ni ya mwingine, na "kiwanja" si badala yake. Neno mailo lenyewe ni "mile" ya Kiingereza iliyovaa kanzu: maili za mraba zilizogawanywa kwa Mkataba wa Buganda wa 1900.

Sasa tazama maneno mawili yanayojificha. "A plot marked off" ni kiwanja ambacho mipaka yake imeshawekwa. "A plot to be marked off" ni kiwanja ambacho bado hakijapimwa. Kiko kwenye karatasi na kwenye matumaini ya muuzaji. Kiswahili kinaonyesha wazi, kilichopimwa na kitakachopimwa, kwa hiyo mtafsiri asiandike tu "kiwanja cha kupimwa" na kumwacha mnunuzi akisie. Ukiona "to be", mwombe muuzaji aende nawe shambani, majirani wawepo na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awepo, mawe yawekwe mbele ya macho yenu kabla pesa haijatoka mfukoni.

Vilevile "the portion marked off in red" si ardhi, ni mchoro. Ni sehemu iliyozungushiwa mstari mwekundu kwenye ramani. Mnunuzi mmoja aliniuliza kwa nini shambani haoni rangi nyekundu popote.

Kisha kuna Kiingereza cha Uganda chenyewe. Wapimaji hapa husema "boundary opening", na wenye ardhi husema "we opened the boundaries". Maana yake ni mpimaji amerudi na vipimo vya hati, akayatafuta mawe ya mipaka yaliyofukiwa na kuonyesha upya mpaka unapita wapi. Ukiandika "tulifungua mipaka", msomaji wa Mombasa au Mwanza atafikiria Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda uliofungwa mwaka 2019 ukafunguliwa Januari 2022. Andika tulihakiki mipaka, au tulifukua na kuonyesha upya mawe ya mipaka. Ni maneno marefu zaidi, lakini hakuna atakayeulizia viza.

Kabla ya mawe ya zege kulikuwa na mimea, na bado ipo. Uchagani Tanzania wanapanda masale. Buganda mmea wa jamii hiyohiyo unaitwa mulamula, na jina linatokana na kulamula, yaani kuamua. Ni kitenzi kilekile chetu, amua, kikiwa bado na "l" yake ya zamani. Mzee akikwambia kwa Kiingereza "we marked it off with plants", basi kasema: tulipanda mwamuzi.

Hatua ya sita: ndugu wengine, kwa haraka

"Rope off" na "tape off" zinataja kifaa, hivyo zungushia kamba, zungushia utepe, imekwisha.

"Cordon off" ni ya polisi na jeshi. Neno "cordon" lilitoka Ufaransa, likiwa na maana ya kamba au utepe. Magazeti hupenda kuandika "polisi walizingira eneo", nami siipendi. Kuzingira ni kumbana aliye ndani asitoke. "Cordon off" mara nyingi ni kuwazuia walio nje wasiingie, pengine kwa sababu kuna maiti au bomu. Sema polisi walifunga eneo.

"Fence off" na "fence in" zinategemea mtu amesimama wapi. Mbuzi unawazungushia ua wasitoke: "fence in". Shamba la mahindi unalizungushia ua ili mbuzi wasiingie: "fence off". Ua wa umeme uliojengwa kandokando ya hifadhi ya Queen Elizabeth unaweza kuitwa vyovyote, kutegemea kama anayesema ni mhifadhi au mkulima aliyechoshwa na tembo.

"Stake out" ni kuchomeka vigingi, lakini kwa polisi ni kuvizia nyumba kwa siri. "Peg out" nayo ni kuchomeka vigingi, ni kuanika nguo kwa vibanio, na kwa mzaha wa Kiingereza cha Uingereza ni kufa. Kaa mbali nayo.

Mipaka ya nchi ina maneno yake mazito. "Delimit" ni kuueleza mpaka kwa maandishi na ramani, "demarcate" ni kuuweka ardhini kwa nguzo na mawe. Ukisoma habari za kisiwa cha Migingo, kinachogombaniwa na Uganda na Kenya, usiyachanganye. Mpaka unaweza kuwa umeandikwa miaka mingi na bado hakuna jiwe hata moja majini.

Makosa ninayoyakuta mara kwa mara

La kwanza ni la herufi: "mark of" yenye "f" moja ni alama ya kitu fulani, si kitenzi hiki. La pili ni la dukani: bei ikishushwa ni "mark down", ikipandishwa ni "mark up". Kwa kuwa mabango huandika "20% off", watu hudhani "mark off" ni punguzo. La tatu ni la walimu: kusahihisha mitihani ni "mark" peke yake. Mwalimu akisema "I marked off the scripts", amehesabu karatasi zilizofika, na huenda hajasoma hata moja.

Jipime

Funika majibu kwa kiganja, kisha sema kwa Kiswahili: "Please mark me off, I'm here." "They marked off one corner of the church for the choir." "What marks Nubi off from Swahili?" "Mark off the bags as they come down."

Yangu ni haya. Niandike, nimefika. Walitenga kona moja ya kanisa kwa ajili ya kwaya. Ni nini kinachokitofautisha Kinubi na Kiswahili? Tia tiki kila gunia linaposhuka. Katika hiyo ya nne, maneno manne ya mwisho ndiyo yanayoamua maana, na ndiyo ambayo bosi wangu hakuyasema.